Al McGuire, kocha aliyeangalia kwanza frigo ya mchezaji

Wandugu wa mu kareri na wa mu usini, na ninyi mama na vijana munaobaki ku nyumba, leo ninaacha kidogo mambo ya kontra na mishahara. Ao tuseme nitafika kwayo kwa njia ya basketi. Vijana wetu wanacheza basketi mu kambi kila mangaribi, na wote wanajua jina la Mutombo. Mutu ninayetaka kuwaelezea hawamujui. Anaitwa Al McGuire, Mumarekani, alikufa zamani, mwaka 2001. Alikuwa mchezaji wa kulipwa, kisha akaanza kutafuta vijana na kuwafundisha mu shule moja ndogo ya wamonaki. Na mimi njo ile kazi ya kutafuta watu inanivuta.

Siye tunaijua. Babu zetu wengi waliletwa huku Katanga na watu wa kuandika wafanyakazi. Mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 23, mutu mmoja alikuja mu kartie yetu na karatasi, akatuandika tulikuwa 11. Kontra ingekuja kisha miezi tatu. Tulitumika miezi 14 kwa malipo ya siku kwa siku, kontra haikuonekana, na ule mutu ata salamu hakurudi kutupa. Kwa hiyo nikisoma maisha ya mutu aliyekuwa anatafuta watu, ninauliza paka neno moja: siku faida ya kijana na faida yake yeye zilipoachana, alifuata gani?

Al McGuire alizaliwa tarehe 7 Septemba 1928 ku Bronx, mu New York. Wazazi wake walikuwa na nganda ku Rockaway, kando ya bahari, na watoto walikomalia mule katikati ya walevi na wafanyakazi. Kaka yake Dick alikuwa fundi wa mupira kweli kweli. Al hapana. Al alikuwa mutu wa kusumbua wengine: kukamata, kusukuma, kukimbiza adui mpaka achoke. Alisoma na kucheza ku universite ya St. John's, kisha mwaka 1951 akaingia mu ekipi ya New York Knicks, kule kule kaka yake alikuwa. Knicks ilifika fainali ya NBA mu 1952 na mu 1953, yote ikashindwa. Mu 1954 wakamupeleka Baltimore. Alicheza mechi 10. Mu Novemba ya mwaka ule, ekipi ya Baltimore ikafungwa katikati ya musimu, milango ikafungwa kabisa, na Al hakucheza tena mu NBA. Alikuwa na miaka 26. Wale kati yetu waliokwisha kufika asubui ku mulango wa kampani na kukuta kufuli wanajua ile siku iko namna gani.

Akapata kazi ya kusaidia kocha ku Dartmouth. Kisha mu 1957 akaitwa Belmont Abbey, mu jimbo la North Carolina.

Hapa inafaa nieleze. Inaitwa koleji, lakini si koleji kama zetu za sekondari, ni masomo ya juu. Ilikuwa ndogo, na wenyewe ni wamonaki Wabenedikto. Wazee wa Lubumbashi wanawajua Wabenedikto, njo walioanza kazi ya kanisa huku tangu 1910 pamoja na Monseigneur de Hemptinne. Belmont iko mu inchi ya mausini ya nguo za pamba. Pa karibu, ku Gastonia, mu 1929 wafanyakazi wa usini ya Loray walifanya grevi kubwa, na mama Ella May Wiggins, aliyekuwa anaimbia wagrevi, akauawa kwa risasi. Haihusu basketi, lakini sikuweza kupita pale bila kumutaja.

Mukubwa huyu mupya hakuwa na makuta ya kununua sifa. Koleji haikujulikana. Lakini alikuwa na New York mu kichwa: alijua viwanja vyote, makocha, mapadri wa parokia, na nganda za wababa. New York iko karibu kilometre 1000 kutoka Belmont. Kule njo alienda kutafuta vijana, akawaleta mu kijiji cha wamonaki. Musimu wa kwanza walishinda mechi 24, wakashindwa 3. Wa pili walishinda 21, wakashindwa 2 tu.

Watu wengi wanaoandika juu yake wanasimama pale, kisha wanaruka mpaka kwenye ushindi mukubwa. Mimi ninataka tuangalie na miaka mingine. Wa tatu 19, halafu 17, halafu 16. Halafu mambo yakaanguka kabisa: musimu wa 1962-1963 alishinda 6 na kushindwa 19, na ule uliofuata 6 na 18. Kila mwaka unatafuta upya, maana kila kijana anamaliza masomo na kwenda. Mwenye koleji kubwa akikosa mmoja, anapata mwingine. Mwenye koleji ndogo akikosa wawili, musimu umekufa.

Na pale pale, mu 1964, kisha ile miaka mibaya mbili, universite ya Marquette ya Wajesuiti, ku Milwaukee, ikamuita. Nao walikuwa wametoka kushinda 5 na kushindwa 21. Nafikiri wote wawili hawakuwa na cha kupoteza.

Kule alitafuta vijana wa mitaa ya masikini, wengi weusi: George Thompson wa Brooklyn, Dean Meminger wa New York, kisha Maurice Lucas wa Pittsburgh, Bo Ellis wa Chicago. Alijulikana kwa kupenda nyumba zisizo na bustani mbele ya mulango. Na alikuwa na sheria yake, ambayo siye wa sendika tunaiita ansienete: mwenye kuwa mu mwaka wa mwisho njo anapewa mipira mingi, njo anaonekana, kusudi wale wa ekipi za kulipwa wamuone mbele ya kuondoka. Kijana mupya, ata awe fundi namna gani, anangojea zamu yake. Kila mmoja aliingia akijua kama siku yake itafika, na ilifika.

Mu Mei 1968, mwezi mmoja kisha kifo cha Martin Luther King, wanafunzi wa Marquette walisimama kudai nafasi kwa vijana weusi. Wachezaji weusi wa McGuire wakatangaza kama wanaacha universite. Kwake ilikuwa hatari ya kupoteza ekipi yake. Akaenda kukaa nao usiku, wakaongea mpaka wakakubali kubaki. Wengine watasema alivunja grevi. Nimewaza sana juu ya neno lile. Lakini mwaka uliofuata, 1969, universite ilifungua programu ya kusaidia wanafunzi wa jamaa za masikini, na ile programu ilidumu. Sasa kila mutu apime.

Mu 1970 yeye mwenyewe aligoma. NCAA, wenye mashindano makubwa, walitaka kupeleka ekipi yake mbali, ku Texas, na si ku Dayton, karibu na kwao. Akakataa mwaliko. Akaenda mashindano mengine, NIT ku New York, akashinda fainali 65 kwa 53, na aliyemushinda ni St. John's, shule yake ya zamani. Kisha NCAA ikatunga sheria ya kukataza wengine kufanya vile.

Lakini mwaka ambao mimi ninaushika ni 1972. Marquette ilikuwa imecheza mechi 21 na kushinda zote 21. Mu katikati alisimama Jim Chones, murefu, mutoto wa Racine, mu jimbo lile lile la Wisconsin. Baba yake alikuwa amekwisha kufa, mama alibaki na watoto. Mu Februari ekipi ya kulipwa ya New York Nets ikaleta kontra ya zaidi ya milioni moja ya dola. Mbele ya musimu kuisha! McGuire angeweza kumuomba abaki wiki chache. Angeweza kuongea juu ya mapendo ya ekipi, juu ya shukrani, maneno tunayoyajua sana. Alieleza kama ameangalia mu frigo yake mwenyewe, ikajaa, na ameangalia mu frigo ya kwa Chones, haikuwa na kitu. Akamwambia aende. Chones akatia sahihi. Ekipi ikashindwa mechi 4 kati ya 8 zilizobaki, na kombe likapotea. Miaka mbili nyuma, Maurice Lucas naye akaondoka mbele ya kumaliza masomo, kwenda kwa makuta.

Hakuwa malaika. Alifoka, alitukana warefere, na mu fainali ya 1974 alipewa faulo za ufundi mbili, ekipi yake ikashindwa na North Carolina State 76 kwa 64. Mazoezi na mipango mingi alimwachia musaidizi wake Hank Raymonds. Mu 1977, wakati wa mapumziko ya mechi moja, alishikana mwili na mchezaji wake. Kama ningekuwa delege wa ule kijana, barua ingefika asubui.

Mu Desemba 1976 alikuwa ametangaza kama ule musimu njo wake wa mwisho. Ulienda vibaya, mechi 7 zilipotea, na watu wakashangaa kuona wamealikwa. Mu nusu fainali walikutana na Charlotte, muji ulio jirani na Belmont, wakashinda 51 kwa 49 na mupira wa Jerome Whitehead mu sekonde ya mwisho. Tarehe 28 Machi, ku Atlanta, walikutana na universite ya North Carolina ya kocha Dean Smith. Kwa siku mbili, adui wote wawili walitoka mu jimbo lile alipoanzia. Butch Lee, mutoto wa Puerto Rico aliyekomalia New York, aliongoza. Ikawa 67 kwa 59. Mbele mechi imalizike, Al McGuire alikuwa ameinama ku banki, analia, mikono ku uso.

Alikuwa na miaka 48. Hakufundisha tena. Alifanya kazi ya kueleza mechi ku televisheni kwa miaka mingi. Chones alishinda kombe la NBA na Lakers mu 1980. Al akaingia mu nyumba ya heshima ya basketi mu 1992, na Dick, ule fundi, mu 1993, mwaka mmoja nyuma ya mudogo wake. Leusemia njo ilimuua Al, tarehe 26 Januari 2001.