Daktari Aliyetaka Ashitakiwe

Aleck Bourne, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1886 na kufariki mwaka 1974, alikuwa bingwa wa uzazi na magonjwa ya wanawake mjini London. Tunaeleza habari zake leo kwa sababu jambo alilolifikisha mahakamani lipo hata katika nyumba za visiwani kwetu, nalo hufunikwa kwa muhali.

Mwaka 1938 msichana wa miaka 14 alibakwa na askari mjini London, akapata mimba. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 iliweka adhabu ya hadi kifungo cha maisha kwa mtu aliyetoa mimba kinyume cha sheria, bila ya kufafanua ni wakati gani tendo hilo huwa halali. Madaktari wengi waliogopa, na msichana huyo alikuwa amekwisha kukataliwa kwingine.

Bourne alimpokea katika Hospitali ya St Mary's, akamweka chini ya uangalizi kwa siku kadhaa apate kuipima hali yake. Wazazi waliporidhia, alimfanyia upasuaji tarehe 14 Juni bila ya malipo. Kisha akawaambia polisi alilolitenda na kutaka akamatwe, ili mahakama itamke sheria waziwazi.

Kesi ilisikilizwa Julai. Jaji Macnaghten aliwaelekeza raia 12 waliokuwa na jukumu la kuamua kwamba kuyaokoa maisha ya mama ni zaidi ya kumwepusha na kifo. Daktari akiamini kwa nia njema, na kwa misingi ya elimu yake, kwamba mimba itamharibu mwanamke mwili au akili, huhesabiwa kuwa ameyaokoa maisha yake. Bourne akaachiwa huru. Mwaka 1959 Mahakama ya Rufani ya Afrika ya Mashariki iliifuata hoja hiyo katika kesi iliyotoka Kenya.

Hata hivyo, Bourne huyo huyo alijiunga katika miaka ya 1960 na chama kilichoipinga sheria ya mwaka 1967 iliyopanua ruhusa ya kutoa mimba Uingereza. Alimtetea mtoto aliyedhulumiwa. Hakutaka kila ombi likubaliwe.

Tunatambua kwamba dini na mila zetu zinaithamini roho iliyo tumboni, wala hatusemi kuwa uamuzi huu ni mwepesi. Lakini Tanzania iliuridhia mwaka 2007 Mkataba wa Maputo, unaozitaka nchi ziruhusu huduma ya daktari pale mimba inapotokana na kubakwa. Kwa hiyo tunawaomba wakuu wa afya na wa sheria wawaeleze madaktari wa wilaya, kwa maandishi, wanaruhusiwa kutenda nini. Daktari asilazimike kujishitaki ndipo aijue sheria.

Kwa wazazi tunasema hivi: mtoto akidhulumiwa, apelekwe hospitali siku ile ile. Dawa ya kumkinga na virusi vya UKIMWI huanzishwa ndani ya saa 72, na ile ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya siku 5. Vikao vya kutafuta suluhu baina ya jamaa huzila siku hizo, na uamuzi mgumu kuliko yote huachiwa mtoto.