Shekhar Mehta: Dereva wa Kampala, kutoka matope ya Safari hadi mchanga wa Misri

Shekhar Mehta alizaliwa Kampala mwaka 1945, katika familia ya Kihindi iliyomiliki mashamba makubwa. Alianza mbio za magari akiwa na miaka 21, akiendesha BMW. Siku hizo mashindano ya Safari, yaliyoanzishwa mwaka 1953, yalikuwa mali ya Afrika Mashariki nzima, na magari yalikatiza Kenya, Uganda na Tanzania.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 wawe wameondoka Uganda. Familia ya Mehta ikahamia Kenya. Pasaka iliyofuata, kijana huyo alishinda Safari kwa Datsun 240Z, msomaji ramani wake akiwa Lofty Drews. Alilingana alama za adhabu na Harry Källström wa Sweden, lakini alikuwa amekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa, hivyo ushindi ukawa wake.

Kuanzia 1979 hadi 1982 alishinda mara nne mfululizo, safari hizi akiwa na Mike Doughty. Safari ilikuwa maelfu ya kilomita za matope, mawe na vumbi. Aliyekimbia bila kulihurumia gari hakufika. Mehta alifika.

Baadaye alihamia jangwani na timu ya Peugeot. Mchanga mzito una kanuni zake: dereva hupunguza upepo wa matairi ili yatanuke na kukanyaga eneo kubwa, kisha hushikilia mwendo bila kusitasita. Akisimama kwenye mchanga laini, magurudumu huchimba na gari huzama. Tena kilima cha mchanga huficha kilicho upande wa pili. Mwaka 1987 Mehta aliendesha mbio za Dakar kupitia Sahara. Mwaka huohuo, katika Mbio za Mafarao nchini Misri, alipata ajali mbaya iliyomaliza maisha yake ya ushindani.

Hakuuacha mchezo. Aliongoza kamisheni ya mbio za dunia katika Shirikisho la Kimataifa la Magari, FIA, hadi alipofariki London tarehe 12 Aprili 2006.

Kenya humhesabu kuwa wake, na ina haki. Kampala nayo ina haki hiyohiyo: amri ya siku 90 ilimwondolea nyumba, haikubadili mahali alipozaliwa.