Tebbutt, Mtu Aliyeutoa Mchezo Kijijini

Kwetu Shanzu barafu ni ya kuhifadhia samaki na kupozea maji ya matunda. Si rahisi kumsadikisha kijana wa Pwani kwamba wako watu wachezao mpira juu yake, 11 kwa 11, katika uwanja mkubwa kama wa kandanda, na kwamba mchezo wenyewe una ubingwa wa dunia. Mchezo huo huitwa bandi. Wachezaji huvaa viatu vyenye vyuma vya kutelezea na kuupiga mpira mdogo kwa fimbo zilizopinda, mfano wa mpira wa magongo.

Historia ya ubingwa huo haielezeki bila kumtaja Mwingereza Charles Goodman Tebbutt. Alizaliwa mwaka 1860, akakulia Bluntisham, mashariki mwa Uingereza, penye malisho yanayofurikwa na mto Ouse. Wakati wa baridi kali maji yaliganda, kazi za shamba zikasimama, na wanakijiji wakashika fimbo zao.

Tebbutt alichezea timu ya Bury Fen, iliyosifika kwamba kwa karne nzima haikupata kushindwa. Mwingine angetosheka na sifa hiyo. Yeye aliona kwamba mchezo usio na kanuni zilizoandikwa hauvuki mpaka wa kijiji. Mwaka 1882 akazichapisha sheria zake. Mwaka 1891 Waingereza wakaunda chama cha bandi, na mwaka huo huo Bury Fen wakacheza Haarlem, Uholanzi. Baadaye Tebbutt aliupeleka mchezo hadi Sweden.

Mti ukachipua ugenini, ukakauka nyumbani. Kufikia wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza bandi ilikuwa imefifia Uingereza. Tebbutt alifariki mwaka 1944, kabla ya kuyaona matunda ya kazi yake. Shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1955 na Finland, Norway, Sweden na Urusi ya Kisovieti. Ubingwa wa kwanza wa dunia ulichezwa Finland mwaka 1957. Warusi waliutwaa, wakaushikilia mara 11 mfululizo, hadi Sweden ilipowapokonya mwaka 1981.

Mwaka 2014 jirani zetu nao waliingia. Vijana wa Kisomali waishio Borlänge, Sweden, waliiwakilisha Somalia huko Irkutsk, Siberia. Wengi wao walikuwa wamejifunza kuteleza mwaka mmoja tu uliotangulia. Walishindwa mechi zote, lakini hakuna aliyewauliza wanacheza kwa kanuni za nani. Sheria zilikuwa moja kwa wote.

Hapo pana funzo kwetu. Bao la kete twalicheza barazani, na wengi wetu twajifunza kwa kumtazama mzee. Mzee akiondoka, huondoka na ujuzi wake. Tebbutt alikubali timu yake ipate wapinzani wa kuishinda, ili mchezo wenyewe usife.