Garrincha alistahili kutunzwa akiwa hai

Nina machache ya kusema kuhusu mchezaji mmoja ambaye jina lake linaanza kusahaulika miongoni mwa vijana wetu. Kila ubishi wa kandanda unapozuka vijiweni, utawasikia vijana wakiwataja Pelé, Maradona na hawa wa siku hizi. Ni haki yao. Lakini ukiwauliza habari za Garrincha, wengi watakutazama tu. Na huyu ndiye mtu ambaye watu wa Brazil walimpa jina la Furaha ya Watu, jina ambalo hata Pelé hakupewa.

Jina lake la ubatizo ni Manuel Francisco dos Santos. Alizaliwa Oktoba, 1933, katika kitongoji cha Pau Grande, wilaya ya Magé, si mbali na mji wa Rio de Janeiro. Garrincha ni jina la ndege mdogo wa huko, na dada yake ndiye aliyemwita hivyo kwa sababu ya udogo wake. Pau Grande ilikuwa ni kiwanda cha nguo na nyumba za wafanyakazi wake, basi. Baba yake alikuwa mlinzi kiwandani hapo, na yeye mwenyewe aliajiriwa hapo akiwa na umri wa miaka 14. Inasimuliwa kwamba alikuwa mfanyakazi mvivu, lakini hakufukuzwa kwa kuwa timu ya kiwanda ilimhitaji.

Ndugu Mhariri, ajabu kubwa ilikuwa miguu yake. Mguu wa kulia ulipinda kwenda ndani na wa kushoto ulipinda kwenda nje, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenzake kwa sentimita zipatazo 6. Mtu wa namna hiyo leo angekwenda kujaribiwa katika klabu yoyote, angeambiwa arudi nyumbani kabla hajagusa mpira. Lakini mwaka 1953 klabu ya Botafogo ya Rio ilikubali kumtazama. Katika majaribio hayo alipangwa dhidi ya Nílton Santos, beki wa kushoto wa timu ya taifa. Garrincha alimpiga chenga beki huyo hodari mpaka watazamaji wakaduwaa. Nílton Santos badala ya kukasirika aliwaambia wakubwa wa klabu wamsajili kijana huyo upesi, kwani hakuwa tayari kukutana naye akiwa timu nyingine. Mwezi Julai mwaka huo huo Garrincha aliichezea Botafogo mchezo wake wa kwanza wa ligi, akafunga magoli matatu.

Chenga yake ilikuwa moja tu. Alikuwa akisimama na mpira mbele ya beki, akiinamisha mwili kushoto kana kwamba anakwenda huko, halafu akichomoka kulia. Mabeki wote waliijua. Makocha waliwaonya mabeki wao usiku na mchana. Siku ya mchezo ikifika, beki anakwenda kushoto na Garrincha anakwenda kulia. Mara nyingine, akishampita, alikuwa akisimama kumngoja ili ampite tena, na uwanja mzima ukiangua kicheko. Ilisimuliwa kwamba mabeki wote aliwaita kwa jina moja la João, kwa kuwa kwake yeye wote walikuwa sawa.

Katika Kombe la Dunia la mwaka 1958 huko Sweden, Brazil ilikwenda na mtaalamu wa mambo ya akili kuwapima wachezaji. Garrincha alipata alama ndogo sana katika vipimo hivyo. Hakupangwa katika michezo miwili ya kwanza, na mchezo wa pili, dhidi ya Uingereza, ulikwisha bila goli. Juni 15, dhidi ya Urusi, yeye na Pelé wakaingizwa pamoja. Langoni mwa Urusi alikuwepo Lev Yashin, mlinda mlango aliyeogopwa dunia nzima. Kabla dakika tatu hazijakwisha, Garrincha alikwishawapita mabeki na kugonga mwamba, Pelé naye akagonga mwamba, na Vavá akafunga. Katika fainali Sweden ilitangulia kufunga, na Garrincha akatoa krosi mbili kutoka kulia, moja baada ya nyingine, Vavá akazitia zote wavuni. Brazil ilishinda 5-2 na kutwaa kombe kwa mara ya kwanza.

Mwaka 1962 huko Chile, Pelé aliumia katika mchezo wa pili na hakucheza tena. Watu wakadhani Brazil imekwisha. Hapo Garrincha akaacha kukaa pembeni tu, akawa anaingia kati na kufanya kila kazi. Uingereza aliifunga magoli mawili, moja la kichwa, mtu mfupi kama yeye. Wenyeji Chile nao aliwafunga mawili katika nusu fainali, lakini baada ya kupigwa mateke mchezo mzima alilipiza na akatolewa nje. Hata hivyo aliruhusiwa kucheza fainali, akaicheza akiwa na homa, na Chekoslovakia ikafungwa 3-1. Wako wanaosema kwamba hakuna mchezaji mwingine aliyelibeba Kombe la Dunia peke yake namna hiyo mpaka Maradona alipofanya hivyo mwaka 1986.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wapenda takwimu wanapaswa kulijua. Timu ya taifa ya Brazil haikupata kufungwa hata mara moja Pelé na Garrincha walipokuwa uwanjani pamoja.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Goti la kulia la Garrincha lilianza kuharibika mapema, kwa sababu ya miguu ile na mateke ya mabeki. Botafogo ilikuwa ikizunguka nchi mbalimbali kucheza michezo ya kirafiki, na fedha waliyolipwa ilitegemea kuwapo kwake uwanjani. Basi alichomwa sindano za kuondoa maumivu akacheza, akapumzika kidogo, akachomwa tena. Alipofanyiwa upasuaji mwaka 1964 goti lilikwishachakaa. Inaelezwa pia kuwa alikuwa akitia sahihi mikataba ambayo kiasi cha fedha hakijaandikwa, akiwaachia wakubwa wa klabu wajaze wenyewe. Mtu aliyewajazia watu viwanja alikuwa analipwa chini ya wenziwe ambao bila yeye wasingejulikana.

Mwaka 1966 alichaguliwa tena kwenda Kombe la Dunia huko Uingereza akiwa si yule. Alifunga goli dhidi ya Bulgaria, kisha Brazil ikafungwa 3-1 na Hungary, Pelé akiwa nje kwa kuumia. Katika michezo 50 aliyoichezea timu ya taifa, huo ndio pekee aliopoteza, na ndio uliokuwa wa mwisho. Baadaye alipita Corinthians, Flamengo na Olaria, lakini mpira ulikuwa umekwisha. Iliyobaki ilikuwa pombe.

Najua wapo watakaosema kwamba aliyataka mwenyewe, na mimi sitaki kumfanya malaika. Alianza kunywa tangu ujana wake, kama baba yake. Alimwacha mkewe na mabinti wanane akaenda kuishi na mwimbaji Elza Soares, na washabiki walewale waliomwimba uwanjani wakamtukana mama huyo kana kwamba ndiye aliyeliharibu goti. Mwaka 1969 aliendesha gari likapata ajali, na mama mzazi wa Elza akafariki dunia. Mwaka 1977 Elza naye alimwacha kwa sababu ya ulevi wake. Hayo yote ni kweli. Lakini nauliza, goti lake lilipokuwa likiingiza fedha, ni nani aliyemwambia apumzike? Na chupa ilipokuwa mkononi mwake, si wengi waliokuwa wakimnunulia nyingine ili wapate kusema kuwa wamekunywa na Garrincha?

Sisemi kwamba hakuna aliyemkumbuka. Desemba, 1973, ulichezwa mchezo wa kumuaga katika uwanja wa Maracanã, watu zaidi ya 130,000 wakahudhuria, na fedha zikakusanywa kwa ajili yake. Lakini ugonjwa wake haukuwa wa fedha peke yake, na baada ya mchezo ule kila mtu alirudi kwake. Mwaka 1980 alipandishwa juu ya gari la maonyesho katika sherehe za kanivali mjini Rio. Watu walimwona ameketi, amezubaa, hata kupunga mkono kunamshinda. Walipiga makofi, wengine wakalia, na gari likapita.

Garrincha alifariki dunia Januari 20, 1983, hospitalini mjini Rio, akiwa na umri wa miaka 49, mwili wake umeharibiwa na pombe. Hapo ndipo Brazil ilipoamka. Maiti ilipelekwa Maracanã, na washabiki wakapita kwa maelfu kutoa heshima za mwisho, wazee waliomwona akicheza na watoto waliosimuliwa tu. Siku ya pili jeneza lilipakiwa juu ya gari la zimamoto kwenda Pau Grande. Barabarani watu walijipanga kila upande, magari yalisimama, na Pau Grande kwenyewe hapakuwa na pa kuweka mguu. Bango moja lilisema kwamba yeye aliyeichekesha dunia, leo ameiliza.

Ndugu Mhariri, sina shaka kwamba machozi yale yalikuwa ya kweli. Lakini kama mmoja katika kila mia ya watu wale angebisha hodi kwake miaka kumi kabla, si ajabu jeneza lile lingechelewa. Na hata kaburini hakutunzwa. Mwaka 2017 magazeti ya Brazil yaliandika kwamba jamaa zake na wasimamizi wa makaburi hawakuweza kusema kwa hakika mifupa yake iko wapi. Katika mji mkuu, Brasília, upo uwanja mkubwa wenye jina lake, uliojengwa upya kwa Kombe la Dunia la mwaka 2014. Jina limewekewa zege na chuma, mwenye jina hajulikani alipo.

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Garrincha alicheza kwao, na kutunzwa kwake kulikuja baada ya masikio yake kuziba. Ombi langu kwa wapenzi wenzangu wa kandanda ni moja. Katika kila mtaa yupo mzee aliyewahi kuchezea klabu au mkoa, ambaye leo anatembea kwa fimbo kwa sababu ya goti aliloumizia kwa ajili ya furaha yetu. Tusimngoje afe ndipo tukodi mabasi ya kwenda mazishini. Tumtembelee leo, tumsikilize, na viongozi wa klabu wamwulize anatibiwa wapi. Hilo halihitaji gari la zimamoto.

Mpenzi wa Kandanda,
Tanga.