Edward Saidi Tingatinga: Maisha Yake na Ushahidi wa Rangi

Makala haya yanaeleza kwa ufupi maisha ya mchoraji Edward Saidi Tingatinga, na kujadili ni kwa kiasi gani uchambuzi wa kisayansi wa rangi unaweza kututambulishia kazi zake.

Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Tunduru, kusini mwa Tanzania. Katika miaka ya 1950 alikwenda Tanga kutafuta kazi kwenye mashamba ya mkonge. Wakati huo jimbo la Tanga, zikiwemo wilaya za Korogwe na Handeni, lilitegemea sana vibarua kutoka mbali, wakiwemo wale walioitwa manamba. Kwa hiyo safari yake ilikuwa pia safari ya wengi wa rika lake. Mwaka 1959 alihamia Dar es Salaam, akawa mtumishi wa nyumbani wa ofisa Mwingereza, kisha akashika kazi nyingine mbalimbali.

Alianza kuchora yapata mwaka 1968, bila kupitia chuo chochote cha sanaa. Badala ya turubai alitumia vipande vya hadibodi, na badala ya rangi za wasanii alitumia rangi ya mafuta ya madukani, ya aina inayopakwa baiskeli. Picha zake za wanyama na ndege ziliuzwa hasa kwa wageni wa Oyster Bay. Aliwafundisha jamaa zake, miongoni mwao Simon Mpata, January Linda na Ajaba Abdallah Mtalia. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi ya polisi waliomdhania kuwa mhalifu.

Uhai wake wa kisanaa ulikuwa basi wa miaka minne hivi. Kadiri thamani ya kazi zake ilivyopanda, ndivyo lilivyozidi kuwa zito swali la kipi ni chake na kipi si chake.

Hapa maabara yana msaada. Miale ya eksirei huonyesha elementi zilizomo katika rangi, kama vile titani katika nyeupe, au risasi na kromi katika baadhi ya rangi za manjano. Spektroskopia ya Raman hutambua hata viini vya rangi visivyo na metali. Ikigunduliwa, kwa mfano, nyekundu ya daiketopirolopiroli, iliyoingia sokoni katika miaka ya 1980, basi sehemu hiyo ya picha haikupakwa na Tingatinga.

Hata hivyo, ushahidi huo una mpaka. Wanafunzi wake walichora kwa rangi na mbao za aina ileile, katika miaka ileile. Maabara yaweza kukanusha. Hayawezi peke yake kuthibitisha. Aidha, hatuna budi kutofautisha kazi ya kughushi na kazi halali ya mwanafunzi aliyefuata mkono wa mwalimu wake. Kwa sababu hiyo, uchambuzi wa rangi hauna budi kwenda sambamba na uchunguzi wa sahihi, historia ya umiliki wa kila picha, na masimulizi ya jamaa zake. Bila hayo, twaweza kumlinda Tingatinga huku tukiwadhulumu wale aliowafundisha.