Alfred Büchi, baba wa turbo

Kamiyo nyingi zenye kupanda toka Sake kwenda Masisi ziko na turbo. Aliyeivumbua ni Alfred Büchi, aliyezaliwa mwaka 1879 kule Winterthur, Uswisi. Motere ikipata hewa nyingi, inapata nguvu nyingi. Lakini pampu ya hewa yenye kuzungushwa na motere yenyewe inakula nguvu yake. Büchi akachagua njia ingine: moshi wenye kutupwa ndio uzungushe pampu. Akaandikisha wazo lake mwaka 1905. Majaribio ya kwanza yakashindwa, naye hakuacha. Mwaka 1925, motere za meli mbili za Ujerumani zikatoka nguvu ya farasi 1750 mpaka 2500. Alikufa mwaka 1959. Yesu naye aliamuru makombo yakusanywe. Basi tusidharau kitu, wala mwenzetu aliyeshindwa mara moja.