Mwaka wa Mwisho wa Ted Williams

Labda hujapata kuuona mchezo wa besiboli. Unapendwa sana Marekani. Mtu mmoja hutupa mpira mdogo kwa nguvu. Mtu wa timu ya pili husimama na fimbo nene ya mti, akajaribu kuupiga. Akiupiga ukavuka ukuta wa uwanja, huzunguka vituo vinne na kuipatia timu yake alama. Si kazi rahisi. Mchezaji akifaulu kupiga vizuri mara tatu katika kumi, huitwa fundi.

Ted Williams alikuwa fundi wa mafundi. Alizaliwa San Diego mwaka 1918. Tangu mwaka 1939 aliichezea timu moja tu, ya mji wa Boston. Mwaka 1941 alifaulu zaidi ya mara nne katika kumi. Kisha akaitwa jeshini. Vita viwili vilimpotezea karibu miaka mitano ya kucheza. Mwaka 1953, huko Korea, ndege yake ilipigwa ikawaka moto. Aliitua kwa tumbo, akatoka mzima.

Mwaka 1959 Ted alitimiza miaka 41. Shingo ilimwuma. Kwa mara ya kwanza hakufikia zile tatu katika kumi. Mwenye timu akamshauri aache kucheza. Je, wewe ungefanya nini? Ted alikataa. Hakutaka kumaliza na mwaka mbaya kama ule. Lakini aliona pia kuwa mshahara wake haukulingana na kazi aliyoifanya. Akaomba mwenyewe upunguzwe, ukapunguzwa kwa zaidi ya robo. Wangapi huomba hivyo?

Mwaka 1960 alianza vizuri. Katika zamu yake ya kwanza ya kupiga, mpira ulivuka ukuta. Mwaka ule alivusha mipira 29. Mwaka uliotangulia alikuwa amevusha 10 tu. Akafaulu tena zaidi ya mara tatu katika kumi.

Tarehe 28 Septemba 1960 alicheza Boston kwa mara ya mwisho. Kulikuwa na baridi na mawingu. Watazamaji walizidi 10,000 kidogo tu. Mara mbili alipiga mpira mbali, ukadakwa. Ikafika zamu yake ya mwisho. Mpira mmoja ulimpita fimbo ikipiga hewa. Uliofuata aliupiga, ukaruka, ukavuka ukuta!

Watu walisimama wakapiga kelele. Ted alizunguka vituo ameinamisha kichwa. Hakuvua kofia kuwashukuru. Zamani walimzomea, naye alisema hatawavulia tena. Mimi naona siku ile angewavulia. Timu ilikuwa bado na michezo mitatu ugenini, lakini Ted hakwenda.

Alifariki mwaka 2002. Lakini mwaka 1991, akiwa mzee wa miaka 72, alirudi katika uwanja uleule wa Boston. Alisimama mbele ya watu, akavua kofia.